Sahani Hajasimama

Kijiji cha Chara,
Kupitia Garsen.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mwanangu mpendwa Metrine,

Pokea salamu nyingi za baba yako mdogo, kutoka huku mtoni ambako jua linatuchoma kama mihogo. Hujambo? Ishmael hajambo? Na yule mdogo ameshaota meno mangapi? Nasikia Naivasha kuna baridi ya kukata masikio. Jifunike, usije ukaturudia na kifua.

Sisi tu wazima. Magoti ya mama yako yametulia tangu apake yale mafuta uliyotuma. Mke wangu Tuneya sauti yake ni ileile. Mimi nguvu bado ninazo: mwezi jana mamba alinifuata mpaka shambani, nikamtazama tu, akarudi majini kinyumenyume. Uliza mtu yeyote hapa Chara, ingawa siku hiyo nilikuwa peke yangu.

Najua unashangaa kwa nini nimeshika kalamu, na juzi Jumatano tulizungumza kwa simu. Kwenye simu mdomo wangu hukimbia ukaniacha nyuma. Kwenye karatasi naenda polepole, kwa sababu darasa la tano halikunipa mwendo, na uongo ukiuandika polepole unauona unakutazama.

Ni habari ya Sahani.

Nilikuambia amezaa akiwa amesimama kama askari, na ndama akaruka uzio siku hiyohiyo. Kuzaa amezaa kweli, Jumanne asubuhi. Ni ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe la duara usoni kama la mama yake, lile lililomfanya marehemu baba yako amwite Sahani. Lakini alizaa amelala, na hajasimama tangu hapo. Leo ni siku ya sita.

Unajua ng'ombe wetu hukaa kwa Yarrow, kama alivyopatana na baba yako zamani. Sisi tunalima, yeye anachunga, na kiangazi kikikaza anawashusha kwenye majani ya mabwawani. Mwezi wa kumi na mbili nilimwambia anipe Sahani nimlete nyumbani. Akasema, "Danson, huyu ana mimba ya miezi sita. Mwache ale na wenzake." Nikamjibu kwamba mimi nilijua ng'ombe kabla yeye hajajua kutambaa. Ukweli ni kwamba nilitaka azalie uani kwangu, watu wakipita kwenda kanisani waone kwamba hata Mpokomo mkulima ana ng'ombe.

Basi nikamfunga nyuma ya jiko. Kila siku nikamkatia vigogo vya migomba na majani ya mwembe. Tumbo likajaa, nikawaita majirani waje kuona alivyonenepa. Kigogo cha mgomba ni maji, Metrine. Tumbo lilikuwa kubwa na mbavu nazihesabu.

Wewe ukatuma magunia mawili ya pumba na lile jiwe la chumvi, ukasema apewe miezi mitatu ya mwisho. Niliyapanga vizuri ndani, sikuyafungua. Nilisema moyoni, ng'ombe mwenye mimba akishiba sana ndama atakuwa mkubwa, atakwama. Ndivyo nyanya yako alivyokuwa akiwaambia wajawazito. Tuneya akaniambia, "Mzee, mimi nimezaa sita kwa njaa yenu hiyo, naijua ilivyo." Nikamwambia mambo ya ng'ombe aniachie mimi.

Alipozaa ndipo nikafungua gunia, nikammwagia beseni zima. Alinusa, akageuza uso.

Yarrow alikuja Alhamisi, kwa miguu kutoka kambi ya wachungaji, na saumu yake ya Ramadhani. Hata salamu aliikata nusu. Alipitisha mkono mgongoni mwa Sahani, akatia vidole kati ya mbavu, akaniuliza, "Wewe mkulima, mpunga wako unaupa maji siku ya kuvuna?"

Nikachukua ndoo. Mimi, Metrine, nikaenda kuchota maji!

Daktari wa mifugo naye alitoka Garsen, akamdunga sindano, akamtundikia chupa ya maji ya dawa. Alisema ndama si mkubwa hata kidogo, tena ni mdogo kuliko kawaida. Mama ndiye hakuwa na nguvu ya kumsukuma. Ametuagiza tumgeuze ubavu mara kwa mara, tumpe pumba kidogo kidogo na majani mabichi, maji yasikosekane mbele yake, halafu tungoje. Ikipita Jumatano bado yuko chini, alisema, yeye hataahidi kitu.

Basi tunangoja. Wanaume wanne tunapitisha magunia chini ya tumbo, tunainua, Yarrow akiwa na koo kavu. Makalio yanapanda, miguu inatetemeka, kisha anaturudia mikononi. Miaka yote nimesimulia nilivyomtoa fahali kwenye matope ya Kau kwa mkono mmoja. Leo tuko wanne, na ng'ombe wa kaka yangu ananishinda.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ilitoka kidogo sana. Yarrow anatuletea maziwa ya ng'ombe wake, Tuneya anamnywesha ndama kwa chupa. Huyo ana uhai. Akishiba anakwenda kumlamba mama yake masikio.

Baba yako siku ile ya mwisho hakuniusia shamba wala nyumba. Alisema maneno matatu tu: "Sahani wa Metrine." Nikamwambia, lala, kaka, mimi nipo.

Ile picha niliyokutumia ya uso wake, ukasema amependeza, ukawaonyesha wenzako kazini, nilipiga uso tu kwa sababu miguu sikutaka uione. Leo nimempiga picha mzima. Randu wa jirani anakuja huko kesho kutafuta kazi, ndiye mwenye barua hii, na picha iko kwenye simu yake. Mwambie akuonyeshe. Kisha nipigie. Ukinigombeza nitasikiliza. Ukiona tumchinje asiteseke, sema wewe, kwa kuwa ng'ombe ni wako, na mimi mdomo wa kuamua sina tena.

Mama yako anakusalimu. Yeye analijua jambo hili tangu siku ya kwanza na amekataa kula kwangu. Tuneya anakusalimu, Yarrow pia. Msalimie Ishmael, umbusu mtoto kwa niaba yetu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, naye akupe moyo mpana kuliko nilioutumia mimi.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye hata nikikukosea,

Danson.

Nilipokuwa nakunja karatasi, Sahani ametikisa sikio. Ni moja tu, la kushoto. Siongezi.