Simu Yenye Bwana Yangu Aliogopa Kukunja

Butembo, siku ya tano, magaribi

Mwishowe ameikunja! Tangu bwana yangu alileta ile simu yenye kioo yake inakunjama, alikuwa anaibeba wazi na mikono mbili, sawa vile padri anabebaka Evangili. "Hapana kukunja, mama, kioo itapasuka." Donc alinunuaka ya kukunja juu ya nini?

Leo mvua ilitukuta ku pikipiki. Motari akageuka: "Papa, kunja basi, weka mu mufuko!"

Akafunga macho, akakunja. Ku nyumba akafungua: kioo iko muzima. Mimi pia niliogopa, sitaficha.

Sasa iko anakunja, anafungua, anacheka sawa mutoto. Ni vizuri. Kesho nitaondoa ku viti vya salon yetu ile nayiloni vilitoka nayo ku duka, yenye ametukatazaka kugusa tangu ndoa.