Rangi ya Geti kwenye Boneti ya Shueib

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, mjini Meru
Jumatano, tarehe 18 Juni 2025, saa kumi jioni

Jina: Nelius Karambu
Umri: Miaka 43
Kazi: Fundi wa kupaka magari rangi
Makazi: Karibu na soko la Gakoromone, Meru

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Mutwiri, fundi ninayefanya naye kazi, ambaye mlimlaza seli jana, hakuharibu boneti ya mtu. Aliwadanganya, na ningependa muandike sababu yake.

Mnamo Jumatatu tarehe 16 Juni, Mutwiri alimaliza kutengeneza gia ya gari la Bwana Shueib, mfanyabiashara wa usafirishaji hapa mjini. Boneti ya gari hilo si ya bati. Ni ya nyuzi za kaboni, nyeusi, zilizosukwa kama mkeka, na juu yake kuna vanishi inayong'aa. Huwa haipakwi rangi, uzuri wake ni kuonekana vile ilivyo. Shueib aliingoja kutoka ng'ambo mpaka tukawa tunamtania kwamba anangoja mchumba. Jioni hiyo alimruhusu Mutwiri kulijaribu gari kwenye milima ya Githongo na kulala nalo kwao, kwa sababu mvua ilikuwa imeshika.

Jumanne tarehe 17, saa tatu asubuhi, Mutwiri alirudi gereji. Boneti ilikuwa ya kijani. Ilikuwa rangi ya mafuta, ile watu hupaka geti. Nilimuuliza nini kimetokea, akasema, "Ni mimi, Nelius. Wacha tu."

Shueib alipofika hakupaza sauti. Alilizunguka gari, akaketi juu ya tairi kuukuu. Wiki iliyopita alikuwa amemgombeza Mutwiri kwa kuchelewesha kazi, kwa hivyo aliamini amelipiziwa kisasi. Alikuja hapa kushtaki, na Mutwiri akakubali kosa mbele yenu.

Mimi sikuamini. Nampenda Mutwiri kama mdogo wangu, lakini kijana huyo hana mkono wa rangi. Akipaka hata rimu inachuruzika. Boneti ile ilipakwa kwa brashi na mtu mwenye subira, tena mtu aliyefurahia kazi yake.

Nilimwomba Shueib aniache nijaribu kuitoa. Aliuliza kwa nini nisimwagie dawa ya kutoa rangi, kazi iishe mara moja. Nilimwambia dawa hiyo tunaitumia kwa bati. Kwenye kaboni inakula gundi iliyoshika nyuzi, na moto pia unailegeza. Ilibidi nisugue kwa mkono, kwa maji na msasa laini.

"Na ukiharibu?" akauliza.

"Maji yakitoka kijani, ni rangi. Yakitoka meupe, nimefika kwa vanishi na ninasimama hapo. Ukiona yametoka meusi, nimekula nyuzi. Hiyo sasa imeenda."

Akasema boneti ikipona ataondoa kesi, na isipopona Mutwiri aende kortini.

Leo nilianza saa mbili asubuhi. Rangi ilikuwa bado laini chini, kwa hivyo niliinua nyingi kwa kipande cha plastiki, ndipo nikashika msasa. Nilisugua kidogo kidogo nikitazama maji. Sijawahi kuogopa ndoo ya maji namna hiyo.

Mnamo saa tano hivi aliingia mzee aliyevaa koti la kanisani. Alisema yeye ni Gitobu, mkulima wa kahawa wa Githongo, baba yake Mutwiri. Alikuwa anatabasamu. Akauliza, "Mwenye gari alipenda?" Kisha akaona ndoo yangu.

"Mbona unatoa? Nilipaka vibaya?"

"Hapana, Mzee. Umepaka vizuri sana, hata mchirizi hakuna. Ni vile hii huwa inaachwa bila rangi."

Alinieleza kwamba aliamka alfajiri akaona gari zima ni jeupe, ila mbele ni nyeusi. Akadhani mtoto wake amekosa rangi ya kumalizia na anaona haya kusema. Yeye alikuwa na rangi iliyobaki ya geti. Akaona amsaidie kabla hajaamka, asiende kuaibika mbele ya mwenye gari.

Akauliza Mutwiri yuko wapi. Nilitafuta uongo nikakosa. Nilimwambia yuko polisi, na kwamba amesema ni yeye aliyepaka.

Mzee alivua kofia. Nilidhani ataondoka mbio kuja hapa, lakini alisema, "Maliza kwanza. Nijue kama nimemharibia." Akavua lile koti, akaanza kunichotea maji. Kila nilipokamua kitambaa tuliinama wote wawili kutazama. Tuliona kijani, kisha kijani kilichofifia, kisha meupe kama maziwa. Meusi hayakutoka. Nilipong'arisha, zile nyuzi zikaonekana zote. Mzee akapitisha kiganja juu yake, akasema polepole, "Kumbe ilikuwa imemalizwa." Nilimwonea huruma sana.

Shueib alifika saa nane unusu. Mzee alisimama akamwambia, "Ni mimi nilipaka. Mtoto hana makosa." Shueib alimtazama, akatazama boneti, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, siku nyingine uniulize tu. Mimi niko na lori nzima inataka rangi." Tukaja hapa pamoja.

Mlipomleta Mutwiri kwenye kaunta, baba yake alimsemesha kwa Kimeru, nami nakitafsiri. Alimuuliza, "Kwa nini hukuniambia lile gari lilikuwa limemalizwa?"

Mutwiri akasema, "Nilikupata ukiosha brashi ukiimba, Baba. Sijakusikia ukiimba tangu tumzike mama."

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia. Nimesomewa, na ni sawa na nilivyosema.

Sahihi: N. Karambu

Yameandikwa nami, Konstebo Gedion Kiambi, na kusomewa shahidi kwa Kiswahili. Mlalamikaji ameondoa malalamiko. Mutwiri Gitobu ameachiliwa saa kumi na moja jioni, akachukuliwa na baba yake.