Mguu Wako Uko Huku Katoro

Kambini, Katoro

Kaka Masele,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mapaja yanauma kama nimepalilia pamba peke yangu. Wiki nzima mwalimu Philomena, kocha wetu, alitukimbiza tu bila mpira. Jana ndiyo katoa mipira, akasimama pembeni na filimbi kutupima. Baadhi ya wenzangu wamesharudishwa makwao.

Nilipopiga krosi akapuliza. "Mbuke, nani kakufundisha kutumia kushoto?"

"Kaka yangu."

"Naye ni wa kushoto?"

Nikacheka. Pale nyumbani Tinde ulikuwa unapiga kwa kulia, nami nimesimama mbele yako, nakuiga kama kwenye kioo. Wala hukunikosoa. Ungenikosoa, leo ningekuwa njiani narudi: wa kulia wamejaa, wa kushoto ni mimi tu. Amenibakiza.

Mama kaniambia hutoki ndani tangu duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, likuporomokee, ukakatwa mguu wa kulia. Toka, kaka. Jumamosi tuna mechi ya kirafiki. Njoo ukae kando ya uwanja, uuone mguu wako unavyopiga krosi.

Asante sana, kaka.

Mdogo wako,
Mbuke