Mashua ya Baba Ilivyovuja Mbele ya Watu

Nyumba ya juu ya gati,
Tångevik,
Kisiwa cha Orust.
27 Juni 1994

Mpendwa mdogo wangu Solveig,

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yangu, natangaza rasmi kwamba ndoo yangu ya bluu, iliyoosha ngazi za nyumba hii kwa uaminifu tangu mwaka 1979, haipo tena nasi. Ilizama Jumatano ya tarehe 15, saa nane mchana, ikiwa kazini. Haikuacha mrithi.

Sasa salamu. U hali gani, mdogo wangu? Len hajambo? Mgongo wake umetulia? Huko Hobart, kusini mwa dunia, najua sasa ni baridi, jambo ambalo mpaka leo sijalizoea. Kila Juni nikikuwaza umevaa sweta nadhani unaumwa. Sisi huku hatujambo. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio, tofauti ni kwamba redio haiumi. Viazi vipya vimetoka. Picha ya wajukuu wako nimeibandika kwenye jokofu, na nasikitika kukuarifu kwamba yule mdogo ana paji la uso la baba. Mfundisheni kuvaa kofia mapema.

Katika barua yako ya Machi uliniuliza mambo mawili: Sixten atamaliza lini mashua ya baba, na je, yeye na Birger wameanza kuzungumza? Nilikujibu habari za mvua. Leo nakujibu yote mawili, na kwa kuwa najua huwasomea watoto barua zangu, naanzia mbali ili wasikusumbue kwa maswali.

Baba aliijenga Alfhild mwaka 1936 kwenye banda letu la gatini, mita tisa na nusu, mbao za msonobari juu ya mataruma, yaani mbavu zake, ya mwaloni. Akaipa jina la mama. Mama akasema afadhali angepewa jiko. Baba alipofariki, kaka Birger akaiuza kwa daktari wa meno wa Göteborg, wakati kaka Sixten yuko baharini njia ya Buenos Aires. Sixten alirudi na begi begani akakuta kamba tupu gatini. Hiyo ilikuwa 1961. Tangu siku hiyo hakumwambia Birger neno, na Birger, kwa adabu, akamrudishia.

Wewe na mimi tunajua kwamba ni mama aliyemwomba Birger aiuze. Dirisha la jikoni lilikuwa linatazama mlingoti, na yeye alikuwa hawezi tena kuosha vyombo bila kulia. Lakini alituapisha tusiseme, nasi hatukusema, naye Birger akaubeba mzigo huo bila kulalamika, jambo ambalo si kawaida yake.

Huwezi kujua zilivyokuwa Krismasi za kwangu tangu ulipoondoka. Wote wawili meza moja, na mimi katikati kama mtambo wa simu.

"Ingegerd, muulize mgeni wako kama amepania kumaliza viazi."

"Ingegerd, mwambie huyo mwenzako viazi havijaandikwa jina la mtu."

Mmoja ana miaka sabini na mitatu, mwingine sabini.

Mwaka 1985 Sixten akaiona Alfhild nyuma ya zizi la mtu huko bara, imefunikwa turubai, kuku kumi na mmoja wanataga ndani ya chumba chake cha kulala. Akaileta kwa lori mpaka bandani kwa baba. Majira ya baridi tisa, Solveig. Mkuku mpya, lile gogo la chini linalobeba mashua nzima, mlingoti mpya, sitaha mpya, kila msumari wa shaba aliupiga kwa mkono wake. Na majira yote tisa Birger alikaa dirishani kwake ng'ambo ya hori, darubini machoni. Anasema anatazama ndege. Miaka tisa, na bado hawezi kumtofautisha shakwe na bata.

Mwezi Mei akaja Bwana Rosenlind, mkaguzi wa chama cha mashua za kale, kijana mwembamba mwenye tochi. Kama mashua bado ni ileile ya zamani, inapewa kibao cha shaba. Kama imebadilishwa mno, inapewa mkono wa kwaheri. Akahesabu mbao. Kumi na saba bado ni za baba, akaridhika. Kisha akamulika chini ya kitanda cha upande wa kushoto, akaguna.

"Na huu? Mbona hukuubadilisha? Umekatwa na mlevi?"

"Huo hauguswi," Sixten akasema, uso umemwiva.

Nikainama nione. Ubao umepinda kama mguu wa mbwa. Juu yake, kwa penseli ya baba, mwandiko wake ule wa kubana: *Amekata B., miaka 12. Vibaya sana. Unabaki.*

Kaka yako aliyebadilisha mkuku mzima alikuwa ameung'oa ubao ule, akaufuta kinyesi cha kuku, akaurudisha palepale, na upogo wake wote. Niliiweka habari hiyo moyoni mpaka siku itakapohitajika.

Haikuchelewa. Siku ya kuishusha ilipangwa Jumanne tarehe 14. Sasa, watoto wako wa mjini huenda hawajui: mashua ya mbao ikikaa nchi kavu inasinyaa na kuacha nyufa. Ukiishusha lazima ivuje siku mbili tatu, mpaka mbao zinywe, zivimbe, zibanane zenyewe. Huku kila mtu anajua, na Sixten anajua kuliko wote. Lakini alikuwa amealika bendi ya matarumbeta, na kasisi, na mtu wa gazeti, akataka Alfhild ielee mbele yao ikiwa kavu kama kabati la vyombo. Basi juu ya kalafati, zile pamba za kuzibia, akasindilia kila ufa ule uji mzito wa kushikizia vioo vya madirisha, unaokauka ukawa jiwe.

Ijumaa saa tatu asubuhi Birger alikuwa jikoni kwangu, darubini bado shingoni.

"Dada, mwambie huyo ndugu yako anaiua mashua."

"Mwambie mwenyewe. Yuko pale."

"Simfahamu. Mwambie mbao zikivimba zikakosa nafasi, zitasukumana mpaka mataruma yakatike. Moja moja. Tutayasikia kutoka kanisani."

Nikashuka bandani, na goti langu, nikamwambia Sixten. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie huyo mtazama ndege kwamba aliyeuza hana kura."

Nikapanda. Nikamwambia Birger.

"Mwambie kichwa chake ndicho kinachohitaji kuvuja kidogo."

Nikashuka. Mara ya tatu nilikaa kwenye ngazi nikala mkate wangu wa mdalasini peke yangu, nikapiga hesabu: siku nne zimebaki. Kama Birger anasema kweli, na kwa mbao Birger huwa anasema kweli, miaka tisa ya Sixten ingepasuka ndani ya wiki, na mbao kumi na saba za baba nazo. Na kuhusu hao wawili nisingehitaji tena kukudanganya kwa habari za mvua. Ningekuandikia tu kwamba wamezikwa makaburi mawili ya mbalimbali.

Nikapanda jikoni. "Kaka Birger," nikamwambia, "ule ubao uliomkatia baba ukiwa na miaka kumi na miwili, bado upo."

"Upi?"

"Chini ya kitanda. Umepinda. Baba aliandika *unabaki*, na Sixten ameubakisha. Mkaguzi alitaka utolewe, akakaripiwa."

Birger akainua kikombe chake akanywa, na kikombe kilikuwa hakina kitu. Kisha akavaa kofia akatoka bila kuaga.

Nilipopeleka kahawa saa sita nilimkuta bandani upande wa kulia wa mashua, ana kile chuma cha baba chenye ncha iliyokunjwa, anakwangua ule uji kutoka nyufani. Sixten amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Nikafikiri: sasa ndipo tutakapozika mtu. Sixten akatazama, akatazama tena. Kisha akachukua patasi, akazunguka upande wa kushoto, akaanza kukwangua.

Siku tatu walikwangua, mashua katikati yao, hawaonani. Walizungumza kupitia kwangu, na mimi nimesimama kwenye mkia wa mashua na sinia. Jumapili ndipo Sixten aliposema, kwa ule upande wake:

"Ingegerd, mwambie najua ni mama aliyemtuma auze. Aliniambia mwenyewe hospitalini."

Kukwangua kwa upande wa kulia kukakoma.

"Lini?" nikauliza kwa niaba ya huyo wa kulia.

"Sabini na tatu."

"Miaka ishirini na moja! Sasa muda wote huo ulikuwa unanuna nini?"

Sixten akafikiri. "Nilikuwa nimeshazoea," akasema.

Kutoka upande wa kulia tukasikia mtu anapenga kamasi, kisha kukwangua kukaendelea. Nyufa zilizokuwa wazi wakazipaka mafuta ya kondoo, kama baba alivyokuwa akifanya. Banda likanuka kama supu, na jirani zetu wanasema bado linanuka.

Jumanne ikafika. Bendi ikapiga. Kasisi akasema maneno yake, Alfhild ikateleza majini, nyeupe, nzuri, Solveig, nzuri mno. Ndani ya robo saa ikawa imeshuka kama mtu anayekaa kitini taratibu. Maji yaliingia kila ufa kwa mlio wa kunong'ona. Bwana Rosenlind, aliyekuja na kibao cha shaba na misumari minne, akapauka. Mtu wa gazeti akapiga picha tano. Sixten alisimama gatini na tai yake, mbele ya watu sitini, mashua yake inajaa, na hakutazama chini. Hapo ndipo Märta wa dukani, ana miaka themanini na nane, alipopiga kelele kutoka kwenye kiti chake:

"Inakunywa! Tazama inavyokunywa, kama baba yao siku ya harusi! Iacheni inywe!"

Wazee wote wakapiga makofi. Mkaguzi akapiga pia, baada ya kutazama kushoto na kulia.

Chombo kinaponywa hakiachwi peke yake, hiyo ndiyo desturi yetu, na jirani wote walileta pampu, makopo na zamu zao. Jumatano mchana ikawa zamu ya Sixten na Birger, ndani, maji magotini. Nilikuwa gatini na chupa ya kahawa, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu. Birger aliinua ndoo iliyojaa, akamgeukia Sixten, si mimi, Sixten, akasema:

"Shika."

Miaka thelathini na mitatu, mdogo wangu, na neno lenyewe ndilo hilo. Sixten alishtuka asishike vizuri. Ndoo ikapita ukingoni ikaenda zake. Walisimama wakitazama mapovu, wazee wawili wamelowa mpaka kiunoni.

"Ilikuwa ya Ingegerd hiyo," Sixten akasema.

"Basi mwambie wewe," Birger akasema.

Wakaanza kucheka, wakashindwa kusimama, ikabidi wakae kwenye maji. Mimi nikageuka nikatazama upande wa kanisa, kwa sababu ya jua.

Alhamisi jioni Alfhild iliacha kuvuja. Hakuna taruma lililolia. Kibao cha shaba kimepigiliwa, kimeenda upande kidogo, kwa kuwa Birger ndiye aliyepiga misumari na Sixten amekataa kisinyooshwe.

Na mkesha wa sikukuu ya kiangazi, Ijumaa iliyopita, baada ya samaki wa siki na kucheza kuzunguka nguzo ya maua, kijiji kizima kilishuka gatini kuwaona wakiipeleka nje. Wawili tu, hawakutaka mwingine. Tanga likapanda, jeupe lote. Watu wakavua kofia. Wakasogea mita arobaini, upepo ukafa kabisa. Wakakaa pale saa mbili nzima, tanga limelala kama shuka kwenye kamba, hawawezi kwenda wala kurudi, na sisi sote tumekaa ukingoni tukiwasikia wakibishana. Sikumbuki lini nimesikia kitu kizuri kiasi hicho.

Nisalimie Len na mgongo wake, mwanao Astrid, Peter na mkewe, na wajukuu wote mmoja mmoja, pamoja na yule wa paji la uso. Sixten anakusalimu. Birger anakusalimu. Safari hii kila mmoja amesema mwenyewe, na pia amemsemea mwenzake. Mungu awafunike kwa blanketi zito huko mliko, na akujalie safari ya kuja kabla hatujazeeka zaidi ya hapa.

Nikupendaye kutoka upande huu wa dunia ulio na jua kwa sasa,

Dada yako Ingegerd

Nyongeza: Utataka kujua walichokuwa wakibishania saa mbili zile. Ni kama baba alikuwa akinywa kahawa na sukari au bila sukari. Baba alikuwa anakunywa chai.