Vidonge vya Theoneste

Mwaja, chai imepoa mkononi. Nimetoka kliniki na mama sasa hivi.

Nesi kampa mwanangu vidonge vya miezi sita, kwa sababu baba yake ana TB. Mtoto mwenyewe mzima kabisa!

Mama akasema taratibu, "Hata Theoneste alikuwa mzima."

Theoneste, Mwaja. Kaka yangu aliyefia kambi ya wakimbizi mwaka 95. Mama hajawahi kumtaja. Hajawahi!

Kumbe na yeye alipewa vidonge hivi, baba yetu alipokuwa anakohoa damu. Mama akaitikia ndiyo, ndiyo, kisha akavificha kwenye kopo la mbegu za maharage. Walikuwa wamekimbia Rwanda mikono mitupu, hata panadol hawana. Nani ammalizie dawa mtoto anayecheza? Akamwekea akiba, ili siku akiugua viwepo.

Akaugua. Akampa. Havikusaidia tena.

Nesi wa leo akamweleza mama polepole: mdudu wa TB hulala mwilini, vidonge vinamuua kabla hajaamka.

Mama hakulia. Alikuwa anamfunga mjukuu kanga tu.

"Kumbe," akasema. "Mimi mdudu wa Theoneste nilikaa nikimngoja aamke."