Barabara ya Gona

Changamwe, 3 Machi 1946

Dada Kafedha,
Shikamoo. Huku twapumua, hofu ni kwako na mguu wako.
Nimesikia kuwa barabara mpya ya feri kwenda Shika Adabu itaitwa Barabara ya Gona. Hongera. Lakini mwanao Gona na mwanangu Baya walipanda meli moja, wakafia Burma wote wawili. Wangu alikufa nusu? Wivu ninao, sifichi.
Nilikuahidi mke wa mwanangu Ngumbao akizaa mwana wa kiume tumwite Gona, kwa kuwa wako alikufa hajaoa. Ahadi hiyo naiondoa. Wewe una barabara. Mtoto ataitwa Baya.
Mdogo wako, Kanze

Likoni, 20 Machi 1946

Mdogo wangu,
Marahaba. Mguu ni ule ule, namshukuru Mungu.
Barabara sikuiomba. Wazee walitaka jina la kijana wa hapa, na Baya ni wa huko kwenu. Njoo siku ya kusimamisha kibao cha jina. Na mtoto usininyime, tafadhali.
Dada yako, Kafedha

Changamwe, 2 Aprili 1946

Dada,
Shikamoo. Sisi wazima.
Siji. Nije nipige makofi jina la mwanao likipakwa rangi, nami wangu hata kaburi sina? Ng'o! Aliye juu mngoje chini.
Kanze

Likoni, 14 Julai 1946

Mdogo wangu,
Hujambo? Kimya chako chaniuma.
Jana nilikaa chini ya kile kibao na kikapu changu cha mihogo, nisikie mtu akimtaja mwanangu. Wakapita watu tele. Nikamwuliza mmoja, hii barabara gani? "Mama, u mgeni? Hii ya feri." Nikauliza wa pili. "Ya feri." Mwengine akatundika shati lake pale kibaoni. Wajua mimi si wa kulia njiani. Nililia.
Ichukue basi hiyo barabara, uiite Baya.
Dada yako

Changamwe, 9 Agosti 1946

Dada yangu,
Shikamoo. Mama na mtoto wazima. Ni wa kiume.
Wivu haujaniisha, usidanganyike. Alipozaliwa akalia, ulimi wangu ulitaka kusema Baya. Leo nimemtoa nje, nikaita kwa sauti, "Gona! Gona we!" mpaka majirani wakatoka. Wakauliza, Gona ndiye nani? Nikawaambia, mwana wa dadangu aliyefia vitani.
Njoo umwite mwenyewe. Lakini nikiwa naye peke yangu nitamwita Baya, na usinigombeze.
Mdogo wako, Kanze