Nisomee Hata Ukilia

Lupaso, Masasi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Niwie radhi kwa kimya kirefu. Babu yako hajambo, na mikorosho imechanua. Umeniandikia kwamba tangu umzike mwanao huwezi kuifungua Biblia, nawe unauliza niliwezaje nilipomzika Yohana, mwanangu wa kwanza.

Sikuweza. Lakini mama mkwe wangu, asiyejua kusoma, alikuja kila asubuhi na korosho zake za kubangua. "Lia utakavyo, Mama Yohana, lakini mimi nisomee!"

Nilisoma kwa utii tu. Siku moja tulifika pale Yesu alipolia kaburini kwa rafiki yake, sauti ikanikatika.

"Leo umejisomea mwenyewe," akasema.

Hapo nilianza kupona.

Nataka kuja kukaa nawe. Macho yangu hayaoni tena herufi ndogo, hivyo utanisomea. Tukishaamua siku na babu yako, nitakuandikia.

Bibi yako